Anaumwa Damu, Anaombwa Choo

Shangazi yangu alipewa kikopo cha plastiki chenye kijiti kwenye mfuniko, akakigeuzageuza mkononi kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Tulikuwa kliniki ya damu katika hospitali moja ya Nairobi. Wiki mbili zilizotangulia, tezi iliyokatwa shingoni mwake ilikuwa imepimwa ikaonekana ina limfoma, saratani inayoanzia kwenye chembe nyeupe za damu. Siku hiyo tulikuja kuanza matibabu. Tulikuwa na blanketi, chupa ya uji, na mchango wa ukoo mzima kwenye simu yangu.

"Daktari," alisema, "mimi naumwa damu. Damu mmenitoa chupa sita na sikulalamika. Sasa choo mnakitakia nini?"

Daktari, kijana wa rika la wajukuu zake, alitabasamu. "Mama, ulizaliwa wapi?"

"Tseikuru, kule Kitui ya kaskazini."

"Na nyumbani siku hizi ni wapi?"

"Kambu, Makueni. Ndiko nilikoolewa."

"Basi ndiyo sababu, mama. Lete choo cha siku tatu, halafu tutaanza dawa."

Shangazi alikitia kikopo mkobani akanyamaza. Mimi jibu lile lilinikaa kooni. Daktari wa damu anapouliza mtu alikozaliwa na alikoolewa, kisha akaomba choo, ni wazi kuna kitu anachokijua kuhusu mahali hapo ambacho sisi wenye mahali hatukijui. Shangazi alipokuwa akiendelea na matibabu, nilifunga safari kuifuata njia ya maisha yake, kuanzia Tseikuru hadi Kambu, kwapani nikiwa na bahasha ya makala za kitabibu za miaka mingi iliyopita.

Kichuguu cha Tseikuru

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Garissa utafika Mwingi. Hapo unaiacha barabara kuu na kushika njia ya kaskazini kupitia Kyuso. Migunga inazidi kuwa mifupi, udongo unazidi kuwa mwekundu, na kila baada ya hatua chache kuna kichuguu, vingine virefu kumpita mtu.

Njia za Kitui ni kongwe. Novemba 1849 mmishonari Johann Ludwig Krapf alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akafuata njia ya wafanyabiashara Wakamba wa pembe za ndovu hadi kwa Kivoi, tajiri na kiongozi aliyevuma Kitui nzima. Ni huko, tarehe 3 Desemba, alikouona Mlima Kenya na theluji yake. Aliporudi mwaka 1851, Kivoi aliuawa safarini karibu na mto Tana na Krapf akanusurika kwa kubahatika. Mwaka huohuo wa 1851, huko Kairo, daktari kijana Theodor Bilharz, aliyesomea Tübingen, karibu na kijiji alikozaliwa Krapf, alikuwa akipasua maiti. Ndani ya mishipa ya damu alikuta minyoo ya kichocho. Hadithi ya njia za Ukambani na hadithi ya minyoo ile zitakutana huko mbele, kwenye mto Kambu. Lakini kwanza kichuguu.

Mzee mmoja wa Tseikuru alinionyesha kimoja nyuma ya boma lake, akaweka kiganja juu ya tundu lake la hewa. "Sikia," alisema. Niliweka changu. Kulikuwa na pumzi ya ubaridi na unyevu, katika nchi ambayo mchana ule kila kitu kilikuwa kimekauka. Zamani, alisema, wanaume walipenda kukaa karibu na vichuguu jioni, wakipiga soga wakingoja chakula.

Ndani ya ubaridi ule huishi usubi, kidudu kidogo chenye manyoya kinachotoka kuuma jua likizama. Usubi ndio unaoeneza kala-azar, ugonjwa wa kimelea kinachoingia kwenye bandama, ini na uboho wa mifupa, yaani pale pale damu inapotengenezwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, askari wa King's African Rifles waliopigana kaskazini ya ziwa ambalo leo tunaliita Turkana waliugua ugonjwa huu, na Wakamba walikuwa wengi katika jeshi hilo. Wanaosimulia historia ya kala-azar ya Kenya hudhani kwamba askari waliorudi makwao waliuleta mwilini. Kufikia mwaka 1952 na 1953, Kitui ilikuwa imekumbwa na mlipuko mkubwa. R. B. Heisch, mtafiti kutoka Nairobi, aliandika habari za mlipuko huo mwaka 1954. Mwaka 1962 Southgate na Mkenya Blasio Oriedo wakachapisha uchunguzi wao kuhusu Kitui, na kichuguu kikapata nafasi yake katika vitabu vya tiba ya dunia.

Shangazi alizaliwa katikati ya miaka hiyo. Alikuwa na kaka aliyemtangulia, ambaye hakuwahi kumwona. Husimuliwa kuwa alikufa akiwa na homa isiyokatika, mwili umepauka, pua ikivuja damu, na tumbo limevimba upande wa kushoto kwa bandama. Ukimpa daktari wa leo dalili hizo bila kumwambia mtoto anatoka wapi, jambo mojawapo la kwanza atakalowaza ni lukemia, saratani ya damu. Kala-azar na lukemia hufanana kiasi hicho. Yote mawili hukalia uboho, hupunguza chembe za damu na huvimbisha bandama. Anayeyatenganisha ni mtaalamu mwenye sindano, anayetoa kidogo cha uboho au cha bandama na kukitazama kwenye hadubini. Huko atakuta ama vimelea vimejazana ndani ya chembe, ama chembe zenyewe zimeasi.

Hilo ndilo somo la kwanza la njia hii. Ukambani, kwa vizazi, vimelea vimekuwa vikivaa nguo za ugonjwa wa damu.

Maji ya Kambu

Kutoka mji wa Kitui hadi Kibwezi siku hizi ni lami. Unapita Mutomo, unapita Ikutha, unavuka mto Athi, na mbele yako inatokea milima ya Chyulu. Mvua inayonyesha kwenye milima hiyo huzama ndani ya mawe ya volkeno na kuibuka chini yake ikiwa chemchemi. Katika nchi kame, maji ya namna hiyo ni kama sumaku. Mwaka 1891 Wamishonari wa Kiskoti, wakiongozwa na James Stewart, walijenga kituo chao Kibwezi kwa sababu ya maji hayo na njia ya misafara. Homa ikawaua mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1898 misheni ikahamia nyanda za juu, Thogoto, Kikuyu. Waliofuata hawakuwa na pa kuhamia. Ardhi ilipobana milimani Machakos na kwingineko Ukambani, familia nyingi zilishuka hadi bondeni kusafisha vichaka na kulima kando ya mito. Mume wa shangazi alikuwa miongoni mwao.

Nilimkuta binamu yangu shambani, mto Kambu ukipita hatua chache kutoka hapo. Alikuwa akifungulia maji ya mfereji yaingie kwenye matuta ya sukuma wiki na nyanya, suruali ameikunja hadi magotini, miguu mitupu. Alipiga jembe mara mbili, tope likahama, maji yakageuza njia. Pembezoni mwa mfereji, kwenye majani yaliyozama, walikuwa wamenata konokono wadogo wa kahawia, bapa kama vifungo vya shati. "Hao hawana neno," alisema.

Wana neno. Ndani ya konokono wa aina hiyo, Biomphalaria, kichocho cha tumbo hupitia nusu ya maisha yake. Mtu mwenye minyoo anajisaidia karibu na maji. Mayai yanaanguliwa, vijidudu vinamwingia konokono, vinazaana humo kwa maelfu, kisha vinatoka mchana vikitafuta ngozi. Vinapenya bila maumivu ya kukumbukwa. Baada ya wiki kadhaa mnyoo dume na jike wanakaa wamekumbatiana katika mishipa ya damu ya utumbo, na jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Mengine hutoka na choo. Mengine hukwama kwenye ini, na hayo ndiyo yanayoleta madhara.

Makueni ilikatwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992, kwa hiyo anayetafuta historia yake ya kabla ya hapo lazima atafute jina la Machakos. Mwaka 1976 T. K. Arap Siongok, John Ouma na wenzao walichapisha uchunguzi wa jamii moja ya Machakos, wakaonyesha kwamba ukubwa wa madhara ya kichocho hufuata wingi wa mayai. Idadi ile huhesabiwa kwa njia ya Kato na Katz. Kipande kidogo cha choo, miligramu 41.7, hupimwa kwa tundu la kibao, hubanwa chini ya karatasi ya selofani iliyoloweshwa dawa, na mpimaji huhesabu mayai moja baada ya jingine. Watafiti wa Kenya na wenzao wa ng'ambo waliendelea hivyo kwa miongo kadhaa, kijiji kwa kijiji, kikopo kwa kikopo.

Kwa watoto wa shule wa Makueni walikuta jambo la ajabu. Wengi walikuwa na bandama na ini vilivyovimba na kuwa vigumu, hata pale ambapo picha za mawimbi ya sauti hazikuonyesha makovu ya kichocho kwenye ini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 uliihusisha hali hiyo na kichocho na malaria vikikutana katika mwili mmoja. Mwanafunzi mmoja alibeba wageni wawili, na bandama yake ikalipa gharama za wote.

Nilipomweleza binamu habari za konokono alinitazama, akaitazama miguu yake, akaendelea na mfereji. Nyanya zilikuwa hazijamaliza kunywa.

Askari wa rangi ya chungwa

Mpaka hapo nilikuwa na historia ya vimelea na historia ya shangazi, lakini sikuwa na kiungo kati ya utumbo na saratani. Kiungo nilikipata katika makala mbili fupi za jarida la Nature, za mwaka 1974 na 1975, zilizotokana na kazi iliyofanyika Nairobi.

Ndani ya damu kuna chembe nyeupe za aina mbalimbali. Aina mojawapo huitwa eosinofili. Paul Ehrlich ndiye aliyeitambulisha mwaka 1879, akaiita hivyo kwa kuwa inanywa rangi nyekundu iitwayo eosini. Ukiiona kwenye hadubini huisahau. Kiini chake kimegawanyika mara mbili kama miwani, na tumbo lake limejaa punje za rangi ya chungwa. Kwa mtu wa kawaida chembe hizi ni chache sana. Mtu akiwa na minyoo huongezeka, na ndiyo maana mpimaji wa maabara vijijini, akiona rangi ya chungwa nyingi kwenye kioo cha damu, huomba choo bila kuambiwa.

Lakini zilikuwa zikifanya nini? Anthony Butterworth na wenzake, miongoni mwao R. F. Sturrock, V. Houba, na Peter Rees, daktari aliyeshughulikia pia kala-azar, waliweka mabuu machanga ya kichocho katika vyombo vya kioo. Wakaongeza majimaji ya damu ya watu walioambukizwa kichocho, kisha wakaongeza chembe nyeupe. Mabuu yaliumia. Katika makala ya 1975, ambamo alishiriki Adel Mahmoud, mzaliwa wa Kairo, mji ule wa Bilharz, chembe zilizofanya kazi hiyo zilitajwa kwa jina kuwa ni eosinofili. Zilipoondolewa, mabuu yalisalimika. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya uzito wa kazi hiyo ndani ya mwili wa mtu, tofauti na ndani ya kioo. Hata hivyo, kuanzia hapo chembe ile ilipata cheo cha askari wa kupambana na minyoo, na cheo hicho ilikipata Kenya.

Sasa rudi kwenye kliniki. Shangazi alikuwa apewe mchanganyiko wa dawa ambao madaktari wameutumia kutibu limfoma kwa miongo mingi. Mchanganyiko huo una dawa nne, na moja kati yake ni prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi. Nilipoona karatasi ya daktari nilidhani amekosea sifuri. Ilikuwa miligramu 100 kwa siku, yaani vidonge 20 vya miligramu 5, siku 5 mfululizo, na mzunguko unarudiwa baada ya kila siku 21. Dawa hii huua chembe za limfoma. Hutumika pia katika lukemia kali ya watoto, na dada yake deksamethasoni hutumika katika saratani ya mieloma. Ni rafiki mkubwa wa mgonjwa wa damu.

Ila ina tabia moja. Ndani ya saa chache tu, eosinofili hupotea kwenye damu. Kinga nyingine nazo hulegea. Ni kama kaya inayoita fundi wa kuua nyoka darini, na fundi kabla ya kuanza anawafungia mbwa wote bandani. Kama nyoka ndiye adui pekee, hakuna tatizo. Kama kuna mwizi aliyejificha ghalani miaka yote akiwaogopa wale mbwa, usiku huo ni wake.

Mwizi wa miaka 40

Jina la mwizi huyu ni strongiloidi, kwa Kilatini Strongyloides stercoralis. Mwaka 1876, katika hospitali ya jeshi la wanamaji huko Toulon, Ufaransa, daktari Louis Normand alikuwa akitibu askari waliorudi kutoka Kochinchina, sehemu ya Vietnam ya leo, wakiwa na kuhara kusikokoma. Katika choo chao akaona vijinyoo vyembamba vinavyonyonganyonga. Jike la mnyoo huyu lina urefu wa milimita 2 hivi, huishi limejizika katika ngozi ya ndani ya utumbo, na halihitaji dume ili lizae.

Minyoo mingi ya utumbo huzeeka na kufa, na mtu asipoambukizwa upya hupona. Strongiloidi haizingatii kanuni hiyo. Mayai yake huanguliwa ndani ya utumbo, na baadhi ya mabuu hukomaa humohumo, yakatoboa utumbo au ngozi ya karibu na njia ya haja kubwa, yakarudi kwenye damu, mapafu, koo, na hatimaye utumbo tena. Mtu hujiambukiza mwenyewe bila kukanyaga tena udongo mchafu. Mmoja wa walioifumbua siri hii alikuwa Friedrich Fülleborn wa Hamburg, ambaye kabla ya hapo, mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa daktari wa jeshi la Wajerumani katika Tanzania Bara ya leo. Ushahidi ulikuja baadaye kwa uchungu. Wanajeshi wa Uingereza waliotekwa na Wajapani na kujengeshwa reli ya Burma walirudi kwao mwaka 1945, na miaka zaidi ya 30 baadaye madaktari wa Liverpool walikuwa bado wanawakuta na mnyoo uleule. Wengi walidhani wana mwasho wa ngozi tu.

Kwa mtu mwenye nguvu, mwizi na mbwa huishi hivyo hadi mwenye nyumba anapozeeka. Mwaka 1966 madaktari wa Brazil walichapisha habari za wagonjwa waliokufa kwa strongiloidi baada ya kupewa steroidi. Mwaka huohuo madaktari wa Marekani wakaeleza mnyoo huyu akimshambulia mgonjwa wa limfoma. Tangu hapo mkondo umejirudia katika nchi nyingi. Steroidi zinapoanza, mabuu huongezeka bila kizuizi, hutoboa utumbo kwa wingi, na kila buu hutoka na bakteria wa choo kwenye mgongo wake. Mgonjwa hupata kikohozi, tumbo humkaza, damu huchafuka, pengine hata utando wa ubongo. Daktari asiyejua hudhani ni saratani imezidi au dawa zimemlemea. Wengi wanaofikia hapo hufa. Na ubaya wa mwisho ni huu: eosinofili zinazotangaza minyoo zinakuwa hazipo tena, kwa hiyo kipimo cha damu hakitoi tahadhari yoyote.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wenye mnyoo huu ni kati ya milioni 300 na 600. Huingia kwa miguu mitupu, kwenye udongo wenye unyevu uliochanganyika na kinyesi. Nilipoandika sentensi hiyo daftarini niliikumbuka miguu ya binamu kwenye mfereji.

Hapa pana jambo ambalo watu wa Kitui na Makueni wanastahili kuelezwa bila kuzungushwa. Tembe ya albendazoli ambayo watoto hupewa shuleni kwa mpango wa taifa wa kuondoa minyoo ni nzuri kwa safura na minyoo ya mviringo, lakini dozi yake moja haiaminiki kwa strongiloidi. Kato na Katz, njia iliyoijengea Ukambani heshima katika sayansi ya kichocho, hutafuta mayai, ilhali strongiloidi haitoi mayai kwenye choo, hutoa mabuu. Mtu anaweza kuwa amemeza dawa ya minyoo kila mwaka, akapimwa na kuambiwa ni safi, na mwizi yumo ghalani.

Wala si mnyoo huyu peke yake. Amiba, anayekaa kimya utumboni kwa baadhi ya watu, anaweza kuamshwa na steroidi akala ukuta wa utumbo. Kriptosporidi, kijidudu kinachomharisha mtu mzima wa afya kwa wiki moja mbili tu, kinaweza kumharisha mgonjwa wa lukemia kwa muda mrefu hadi akakauka. Hiki cha mwisho hakiuliwi na dawa ya klorini tunayotia kwenye madumu, ila hufa maji yakichemka. Katika nchi ya maji ya visima vya mchangani na mabwawa, hiyo si habari ndogo.

Faneli

Kabla sijafunga safari, shangazi alikuwa ametimiza siku tatu zake. Vikopo viwili vya kwanza havikutoa kitu. Siku ya tatu fundi wa maabara aliniruhusu nimtazame akifanya kazi. Alifunga choo ndani ya kitambaa cha shashi, akakilaza kwenye faneli ya kioo iliyojaa maji ya vuguvugu, mkia wa faneli umebanwa kwa kibanio. Njia hiyo iliandikwa na mtafiti aitwaye Baermann mwaka 1917, na haijabadilika sana. Mabuu hupenda joto, huogelea kutoka kwenye choo, kisha kwa kuwa hayawezi kupanda huzama chini taratibu. Baada ya saa kadhaa alifungua kibanio, tone likadondokea kwenye kioo.

"Njoo uone," aliniita. Katikati ya duara la mwanga kulikuwa na kitu kama unywele uliokatwa, kikijikunja na kujikunjua, kikijikunja na kujikunjua.

Dawa aliyoandikiwa ni ivermektini. Shangazi, ambaye amefuga mbuzi maisha yake yote, alilishika lile jina kabla daktari hajalimaliza. "Si ndiyo tunayowadunga mbuzi?"

"Ndiyo hiyo, mama. Ila ya mbuzi ni ya mbuzi. Yako ni vidonge, na kipimo chake ni kwa uzito wako."

Ni dawa iliyotokana na bakteria wa udongo aliyekusanywa Japani na Satoshi Ōmura, na iliyowapatia yeye na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kipimo chake kwa mtu ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mwenye kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 3. Shangazi alimeza siku hiyo na siku iliyofuata, akaambiwa atapimwa tena. Siku chache baadaye akaanza vile vidonge 20 vya asubuhi, na sindano zake. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ivermektini igawiwe watu wote wa miaka 5 na kuendelea mahali ambapo watoto 5 au zaidi kati ya kila 100 wa umri wa shule wana mnyoo huu. Hilo ni jukumu la serikali. Kikopo ni jukumu letu.

Nimeifuata njia hii kuanzia kichuguu cha Tseikuru hadi tone lile la maji, na ninachokileta nyumbani ni hiki. Ukambani ndiyo iliyoifundisha dunia mengi kuhusu damu na vimelea, kwa choo cha watoto wake, bandama za wazee wake na damu ya watu wake. Maarifa hayo yalichapishwa London na kwingineko. Yanatakiwa yarudi Mwingi, Mutomo, Wote na Kibwezi, yafike kwa mgonjwa kabla ya kidonge cha kwanza cha steroidi.

Kwa hiyo, wewe uliyezaliwa au kulelewa Kitui, Makueni au popote ambapo watu hulima miguu mitupu kando ya maji, ukiambiwa una lukemia, limfoma au mieloma, usikimbie matibabu kwa hofu ya minyoo, na usiende dukani kununua sindano ya mifugo. Mwambie daktari ulikozaliwa, ulikoolewa na maji unayotumia. Muulize kama umepimwa strongiloidi kwa njia ya kutafuta mabuu, si mayai peke yake. Chemsha maji ya kunywa, vaa viatu shambani, osha mboga kwa maji safi na uzipike. Na ukipewa kikopo, usione haya. Kirudishe kikiwa na choo, siku zote tatu.